Tangu lini binti yetu yuko nyumbani?



Wale mliowahi kufundisha Kiingereza mnajua kwamba yako maneno mawili madogo yanayowatesa wanafunzi kuliko hata yale marefu. Moja linasema jambo lilianza lini, jingine linasema jambo limedumu muda gani. Sisi kwa Kiswahili tungesema "tangu" na "kwa muda wa". Kabla ya kupewa parokia nilifundisha miaka kadhaa katika seminari ndogo, na kila mwaka vijana walikwama pale pale. Dawa niliyoizoea ni moja: mwanafunzi atunge sentensi inayohusu maisha yake mwenyewe, kwa kuwa la kwake halisahau.

Jioni moja mwaka jana nilikuwa ofisini parokiani, huku kwetu Bondeni, wilayani Kyela. Mvua ilikuwa inagonga mabati kiasi kwamba niliibana simu sikioni kwa mkono. Nikamwambia mwanafunzi wangu atunge sentensi ya "tangu". Alinyamaza kidogo. Kisha akasema polepole, kwa Kiingereza kisicho na kosa: "Niko nyumbani tangu Desemba 2024."

Sentensi ilikuwa sahihi. Nilipaswa kumsifu na kumpa nyingine. Nilishindwa kusema neno kwa muda, hata akaniuliza kama mtandao umekatika.

Mwanafunzi huyo yuko Kabul, Afghanistan. Sijawahi kuuona uso wake. Jina ninalomwitia si jina lake, na hapa nimebadili pia mambo madogo madogo ili asitambulike. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa anasomea ukunga.

Tukumbushane kidogo yaliyotokea. Taliban walirudi madarakani Kabul tarehe 15 Agosti 2021. Mwezi uliofuata wavulana wa sekondari waliitwa warudi darasani, wasichana hawakuitwa. Tarehe 23 Machi 2022 waliambiwa warudi. Walivaa sare, wakafika shuleni, na baada ya saa chache wakarudishwa nyumbani. Tarehe 20 Desemba mwaka huo huo vyuo vikuu navyo vikafungwa kwa wanawake. Ikabaki njia moja nyembamba, vyuo vya ukunga na uuguzi, na wasichana wengi wakakimbilia huko. Desemba 2024 njia hiyo nayo ikazibwa. Leo msichana wa Afghanistan akimaliza darasa la sita, masomo yake rasmi yameisha. Mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilisema wasichana walionyimwa sekondari kwa sababu hiyo si chini ya milioni 1.4.

Nisieleweke vibaya. Hapa Kyela tunaishi na ndugu zetu Waislamu, tunazikana na kualikana, na binti zao wanasoma. Vyuo vikuu vilipofungwa, Imamu Mkuu wa Al-Azhar kule Misri, Sheikh Ahmed al-Tayeb, alisema wazi kwamba uamuzi huo unapingana na sharia ya Kiislamu. Hakuna nchi nyingine ya Kiislamu inayowakataza wasichana wote kuingia sekondari. Kwa hiyo atakayesoma tafakari hii akitafuta silaha ya kuwapigia Waislamu, aiweke chini.

Niliingiaje mimi katika jambo hili? Sista mmoja tuliyefahamiana zamani, ambaye sasa anafanya utume Ulaya, aliniandikia kwamba kuna watu wanaojitolea kufundisha Kiingereza wasichana hao kwa njia ya mtandao, na kwamba walimu hawatoshi. Kiingereza kwao ndicho ufunguo wa kozi za nje zinazotolewa mtandaoni bure au kwa ufadhili. Nilijibu haraka kuliko ninavyojibu barua nyingi. Nikaanza, mara mbili kwa wiki, dakika arobaini na tano kila mara. Huku kwetu ikiwa saa kumi na mbili jioni, Kabul ni saa moja na nusu usiku.

Masharti ni machache lakini hayana mzaha. Hakuna picha, ni sauti tu. Hakuna kurekodi. Usimuulize anakaa mtaa gani wala baba yake anafanya kazi gani. Akikata simu ghafla usimpigie, subiri yeye akutafute. Na waratibu, ambao wanajua mimi ni padre, waliniomba kwa mwanafunzi niwe "mwalimu" tu.

Nilipowasimulia wanajumuiya, mzee mmoja aliniuliza: "Sasa Baba, huyo binti unamhubiria?" Nikamjibu hapana. Hakuridhika. Nikamwambia: "Mzee wangu, mtu akija kwako ana njaa ukampa ugali kwa sharti abatizwe, umempa ugali au umemtegea mtego?" Binti huyu akikutwa na somo la Kiingereza yuko mashakani. Akikutwa na mahubiri ya padre, sithubutu kufikiri. Upendo unaomweka mwenzako hatarini ili wewe upate cha kuripoti haukutoka kwa Kristo.

Mama mmoja wa WAWATA yeye aliuliza swali jingine, na hilo sikuwa na jibu lake. "Baba, kwa nini wa mbali hivyo?"

Nilijitetea kwamba si mbali sana. Nikamweleza habari za majirani zetu Wanyarwanda. Kuna mama wa Kiafghani anaitwa Shabana Basij-Rasikh. Alipokuwa mtoto, wakati Taliban wanatawala mara ya kwanza, alivalishwa nguo za kiume ili aweze kumsindikiza dada yake kwenye shule ya siri mjini Kabul. Alipokua alianzisha huko shule ya bweni ya wasichana, SOLA. Agosti 2021 mji ulipoanguka, alichoma moto kumbukumbu za wanafunzi wake. Hakutaka kuyafuta majina yao, alitaka wasitafutwe kwa majina hayo. Kisha akawatoa wanafunzi, walimu na ndugu zao, watu wapatao 250, akawapeleka Rwanda, na masomo yakaendelea huko. Nchi ndogo, inayojua kwa uchungu wake maana ya kukosa mahali pa kukimbilia, iliwafungulia mlango. Nikamwambia yule mama: ikiwa Rwanda imewapokea watu 250, mimi nitashindwaje dakika arobaini na tano?

Lilikuwa jibu zuri. Lakini hakuwa ameniuliza juu ya Rwanda.

Tufungue Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia aya ya 21. Yairo, mkuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu kwa ajili ya binti yake aliye mahututi. Njiani wanacheleweshwa, na habari inakuja kwamba binti amekwisha kufa, mwalimu asisumbuliwe tena. Yesu anaendelea na safari. Anafika, anasema mtoto amelala, watu wanamcheka. Anawatoa nje wote wanaocheka, anaingia na baba, mama na wanafunzi watatu. Anamshika binti mkono na kumwambia ainuke, naye anainuka na kutembea.

Nimeihubiri habari hii mara nyingi. Mwaka jana niliona ndani yake mambo manne ambayo zamani niliyapita.

La kwanza ni umri. Marko anatuambia binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Ni umri wa mtoto wa darasa la sita, umri ule ule ambao binti wa Kabul anaambiwa yamekwisha, mwalimu asisumbuliwe.

La pili, jina lake hatulijui. Tunalijua la baba, la binti hatuna. Na mimi nina mwanafunzi nisiyelijua jina lake, na Mungu analijua.

La tatu ni lugha. Marko anaandika kwa Kigiriki, lakini akifika pale Bwana anapomwamsha binti anayaacha maneno katika Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao, kisha anayatafsiri. Binti aliamshwa kwa lugha aliyoielewa.

La nne ndilo linalonigusa zaidi. Baada ya muujiza Yesu anaagiza binti apewe chakula. Hakumwacha ameinuka tu huku watu wakishangilia. Aliyeinuliwa anahitaji kula, na kazi hiyo aliiacha kwa watu wa nyumba.

Hapo ndipo nilipokamatwa. Maana wiki chache baada ya ile sentensi ya "tangu", mwanafunzi wangu aliniuliza swali. Tulikuwa tunajizoeza kuuliza maswali, zamu ikawa yake. "Mwalimu, kwenu wasichana wote wanasoma?"

Nikamjibu kwa fahari: "Ndiyo. Wote." Yeye akasema, "Mna heri."

Usiku ule sikulala vizuri.

Mwaka 2018 mama mmoja muuza mchele alikuja ofisini kwangu asubuhi, kabla sijanywa chai. Binti yake wa kidato cha pili, mwimbaji wetu wa kwaya, alikuwa amepata mimba. Tangu Juni 2017 msimamo uliotangazwa na Serikali ulikuwa kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi katika shule ya umma. Yule mama alijua. Hakuja kuomba niibadili sheria. Aliomba nimtafutie binti nafasi kwa masista, au niulize ulizo kwa wenzangu, au hata niongee naye tu. Nilimwambia: "Mama, sheria ndiyo hiyo. Tumwombe Mungu." Nikamsindikiza hadi mlangoni.

Kisha, wiki hiyo hiyo, viongozi wa kwaya waliniletea pendekezo kwamba binti aondolewe, asiwe mfano mbaya kwa wenzake. Nilikubali. Hakuna aliyeuliza habari za mwanaume aliyempa mimba mtoto wa shule. Na mimi sikuuliza.

Serikali iligeuza msimamo wake. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, wanaweza kurudi shuleni. Nilisoma habari hiyo gazetini, nikashukuru, nikageuza ukurasa. Sikumkumbuka hata mtu mmoja. Ndivyo nilivyoweza, miaka minne baadaye, kumwambia binti wa Kabul "wote" bila sauti kutetemeka.

Mwishoni mwa Septemba 2025 intaneti ilizimwa Afghanistan nzima kwa takriban siku mbili. Somo letu liliangukia humo. Nilikaa mbele ya simu kama mtu aliyekaa nje ya wodi. Iliporudi alinitumia neno moja: "Nipo."

Mwezi mmoja baadaye, siku ya uchaguzi wetu, 29 Oktoba, intaneti ilizimwa kwetu, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Mnajua tulivyokuwa siku zile. Simu yangu ilipoanza kupokea ujumbe, wa kwanza niliousoma ulikuwa wa kwake. Alikuwa amesikia habari za Tanzania. Aliandika kwamba anajua simu inapokaa kimya moyo unakuwaje, kwamba yeye na mama yake walikuwa wananiombea kila baada ya sala, na kwamba nikipata nafasi nimjulishe kama wale wasichana wangu wote wanaosoma wako salama.

Wasichana wangu wote wanaosoma. Uongo wangu ulikuwa umegeuka kuwa nia ya maombi katika nyumba ya watu nisiowajua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni. Yule binti sasa ni mama wa miaka ishirini na kitu, anauza mchele mahali alipokuwa anauza mama yake, na mwanawe yuko darasa la pili. Nilimkuta akipima. Nilisubiri mteja aondoke, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya mwaka 2018, kwa jambo la shule na kwa jambo la kwaya. Aliniangalia. Akasema, "Nimesikia, Baba." Kisha akaendelea kupima mchele, maana mteja mwingine alikuwa amefika.

Nilimwambia pia kwamba kuanzia wiki inayofuata, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, nitakuwa ukumbini na ubao na chaki. Asiyemaliza sekondari anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kinachowakwamisha wengi ni Kiingereza. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, sekondari kila kitu kikageuka, na kabla hawajaizoea lugha wakatoka.

Jumanne ya kwanza hakuja mtu. Nilifuta ubao usiokuwa na kitu nikafunga mlango. Alhamisi walikuja wawili, naye hakuwemo. Wiki ya tatu alikuja, amemshika mwanawe mkono, wakakaa benchi la nyuma. Sasa wako watano. Mmoja anauza mbasa, anakuja na ndoo yake, na hakuna anayelalamika juu ya harufu.

Tulipofika kwenye "tangu" na "kwa muda wa", nikawaambia kila mmoja atunge sentensi ya maisha yake. Nilijua, au nilidhani najua, yeye ataandika nini. Nilitegemea "Sijaingia darasani tangu 2018", nikawa nimeuandaa uso wangu. Alikwenda ubaoni, akafikiri, akaandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekuwa mwanafunzi hodari: "Sijaimba tangu 2018."

Shule ilikuwa imefunguliwa tangu 2021. Mlango uliokuwa bado umefungwa ulikuwa wa kwangu.

Nimeongea na mwalimu wa kwaya, naye amekwenda kumwomba arudi. Amesema atafikiri. Ana haki ya kufikiri, na sitamharakisha.

Yule wa Kabul nimemweleza ukweli. Nilimwambia nilikosea kusema "wote". Hakunilaumu. Aliuliza kama anaweza kuwaandikia. Waratibu waliporuhusu, alituma sentensi kumi rahisi kuhusu jinsi mikate inavyookwa kwao, bila jina na bila anwani. Nikazinakili ubaoni, zikawa somo la kusoma. Wanawake wa Kyela wakamjibu kwa sentensi kumi kuhusu mpunga: unavyopandwa, unavyopigwa, na kwa nini mchele wa Bondeni hunukia kabla haujaiva. Yeye akasahihisha makosa yao matatu na kuwaeleza sababu, kwa upole. Mkunga aliyezuiwa kusoma amekuwa mwalimu.

Ndugu msomaji, sijaandika haya ili kusema sadaka ianzie nyumbani na ya mbali tuiache. Ningemwacha yule wa mbali, huyu wa karibu nisingemwona kamwe. Miaka saba nilipita mbele ya meza yake ya mchele nikamsalimu, na hakuna kilichonishtua. Ilibidi sauti itoke Kabul kuniuliza. Mungu hutumia jirani wa mbali kutuonyesha wa mlangoni, ndiyo maana hatuna ruhusa ya kuchagua mmoja.

Kama wewe ni mwalimu, uwe kazini au umestaafu, Kiingereza chako ni chakula. Ukitaka kuwafundisha wa mbali, pitia watu wanaoaminika, fuata masharti yao yote hata yakikuchosha, na usijitangaze. Ukitaka kuwafundisha wa karibu, huhitaji hata intaneti. Muulize mwenyekiti wa jumuiya yako ndogo ndogo ni binti gani katika nyumba zenu aliacha shule, na aliacha tangu lini. Kisha jiulize, kama mimi nilivyolazimika kujiuliza, ni mlango gani kati ya ile aliyofungiwa ambao ufunguo wake uko mfukoni mwako.

Na wakikucheka, kumbuka walimcheka pia Bwana katika nyumba ya Yairo. Yeye alimshika binti mkono, kisha akawageukia watu wa nyumba akawaambia wampe chakula. Watu wa nyumba ndio sisi.

Jumapili njema.